Kompyuta ilinionya miezi mitano, mimi ndiye niliyeiziba mdomo

Wewe unayesoma hii ukiwa kwa saiba, ama umeikalia laptopu ya mtumba uliyonunua kwa pesa za ndengu, nipe dakika tano. Nataka kukusimulia kuhusu laini moja fupi ambayo nusura ikosanishe kina mama ishirini na wawili hapa Kathonzweni. Laini hiyo niliiandika mimi.

Nilikuwa nasomea mambo ya kompyuta Nairobi. Mwaka wa pili karo ikakataa, nikakunja virago. Binamu yangu ana saiba kando ya barabara ya kutoka Wote kwenda Makindu, akanipa kiti. Kazi ni zile unazozijua: ritani za KRA Juni 30 ikikaribia, fomu za HELB, barua za kuomba kazi. Usiku wateja wakienda, naandika blogu.

Kompyuta kubwa ya pale niliiwekea Ubuntu, kwa sababu ni ya bure na virusi vya flashi za wateja haviisumbui sana. Nikaongeza diski ya pili ya kuhifadhi kazi za watu. Chama cha kina mama wa sokoni kikaniletea hesabu zake: nani amekopa, nani amelipa, nani anadaiwa faini. Mwekahazina wao, mama mtulivu ninayemwita mwaitu, alikuja kila Jumamosi na daftari lake. Yeye anasoma, mimi naingiza. Baada ya mwaka mmoja aliniuliza, "Mwana wakwa, bado niendelee kuandika kwa daftari?"

Nikamjibu, "Hapana mwaitu, pumzika. Kompyuta haisahau."

Weka hilo jibu akilini.

Sasa, kwa Linux, diski haitumiki mpaka ipachikwe mahali, yaani iunganishwe na folda moja ili mfumo ujue mlango wa kuingilia. Maagizo ya kupachika huandikwa kwenye faili moja inayoitwa /etc/fstab. Kila diski ina laini yake. Yangu ilimalizika hivi:

/wateja ext4 defaults 0 0

Rahisi, ama? Tatizo liko hapo hapo.

Ile namba ya mwisho ndiyo ya daktari. Daktari ni programu inayoitwa fsck, ile inayopima mfumo wa faili kompyuta ikiwaka na kurekebisha palipoharibika. Ukiandika 1, diski hiyo inapimwa kwanza. Hiyo ni ya diski inayobeba Ubuntu yenyewe. Ukiandika 2, inafuata baadaye. Hiyo ni ya diski zingine. Ukiandika 0, umemwambia daktari asikanyage hapo kabisa. Mimi niliweka 0 kwa sababu wateja walikuwa wananung'unika kompyuta inachelewa kuwaka. Nilijiona mjanja.

Neno defaults nalo lina siri yake. Diski ya ext4 ikigundua kasoro ndani yake, ina njia tatu: iendelee kana kwamba hakuna kitu, ijifunge iwe ya kusomwa tu, ama isimamishe kompyuta nzima. Usipochagua, inafuata agizo lililoandikwa ndani ya diski yenyewe ilipotengenezwa, na kwa kawaida agizo hilo ni "endelea". Ubuntu yangu ilipojisakinisha iliiwekea diski yake errors=remount-ro, ikimaanisha ukiona kasoro, jifunge. Diski yangu ya pili niliiongeza kwa mkono, kwa hivyo hakuna aliyenikumbusha.

Hebu unganisha hayo mawili. Nimeiambia diski, "Ukiumwa, endelea na kazi." Halafu nimemwambia daktari, "Usije hapa." Huyo mgonjwa atapona vipi?

Najua utasema ni stima. Hapa kwetu stima hupotea, hasa mvua za Novemba zikianza na radi kupiga. Na si sisi peke yetu; Ijumaa ya Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani. Lakini ukweli ni kwamba ext4 huvumilia stima kupotea. Ina kijitabu chake cha pembeni ambacho huandika kwanza inachotaka kufanya, ndipo ifanye. Stima zikirudi, kabla diski ipachikwe, kijitabu kinasomwa na kazi iliyokatika inamalizwa ama inaachwa salama. Hilo hutokea hata kama namba yako ni 0.

Kile kijitabu hakiwezi kutibu ni kasoro zingine: waya uliolegea, sehemu ya diski iliyokufa, taarifa zilizoandikwa vibaya. Ext4 ikikutana na hizo, hujiwekea alama kwamba ina kasoro. Daktari akija wakati wa kuwaka, huiona alama hiyo na kupima diski nzima. Mimi nilikuwa nimemfungia mlango.

Lakini kompyuta haikunyamaza. Kila ilipowaka iliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba inapachika mfumo wenye kasoro na inapendekeza upimwe. Nilipokuja kuzisoma baadaye, onyo la kwanza lilikuwa la miezi mitano nyuma. Miezi mitano, msee! Na kila siku diski iliendelea kuandika juu ya kidonda.

Jumamosi moja mwaitu akaketi, nikafungua faili ya chama. Ikatoa alama za ajabu ajabu. Nikafungua nakala iliyokuwa kwa folda ingine, kwenye diski hiyo hiyo. Hata haikufunguka. Jasho likanitoka.

Hapo ndipo nilifanya kosa la pili. Niliiondoa diski mahali ilipopachikwa, hapo sikukosea, kwa sababu fsck ya ext4 siku hizi hukataa kugusa diski inayotumika. Lakini nikaiendesha kwa -y, yaani "ndiyo kwa kila swali", bila kutoa nakala ya diski kwanza. Ilirekebisha mambo mengi kwa dakika chache. Mwishoni diski ilikuwa safi kabisa. Faili za chama hazikuwa mahali pake.

Nielewe vizuri hapa. Kazi ya fsck ni kuhakikisha mfumo unapatana na wenyewe. Haina kiapo cha kulinda hesabu za mama yako. Vipande visivyo na mwenyewe huvitupa kwenye folda inayoitwa lost+found, vikiwa na namba badala ya majina. Nilikesha siku mbili nikifungua kimoja kimoja. Nikapata hesabu za zamani. Miezi mitatu ya mwisho haikupatikana.

Ilibidi niende mkutanoni niseme. Kina mama walikuwa wameketi chini ya mwembe, mimi nimesimama kama mshtakiwa. Wengi walitoa simu, na jumbe za M-Pesa zikasaidia kujenga upya karibu kila malipo. Lakini mama mmoja alisema alilipa elfu nne mkononi. Hana ujumbe, na daftari lilikuwa limeacha kuandikwa. Kwa nini liliachwa? Kwa sababu ya jibu langu. Walibishana hadi jua likazama. Mwishowe wakakubali neno lake, lakini niliona nyuso mbili tatu ambazo hazikukubali. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna programu ya kuirekebisha.

Basi wewe usingoje yakufike. Ukiwa na Linux, fungua /etc/fstab leo. Diski ya ext4 yenye vitu vya maana, laini yake iishie hivi:

ext4 defaults,errors=remount-ro 0 2

Halafu andika findmnt --verify, itakuambia kama umekosea mahali. Kujua hali ya diski, tumia sudo tune2fs -l ukifuatisha na jina la diski yako. Tafuta palipoandikwa Filesystem state. Ukiona clean, shukuru. Ukiona kuna neno errors hapo, acha kuandika chochote, toa nakala.

Siku diski ikijifunga ghafla na kukataa kuhifadhi, usiilazimishe kufunguka kwa remount,rw ili umalize kazi ya mteja. Haijakasirika, inakukinga. Ikiwa unataka kutoa faili kwenye ext4 iliyoumia bila kuigusa, ipachike kwa ro,noload. Ukiweka ro peke yake, bado inaweza kusoma kile kijitabu na kuandika kwenye diski. Na kama diski yenyewe inakufa, tumia ddrescue kutoa nakala yake nzima, kisha umlete daktari aikarabati nakala.

Jua pia aina ya diski yako, kwa sababu kila aina ina daktari wake. Kuna XFS, ambayo hupatikana sana kwa seva. Ukiiendeshea fsck haifanyi lolote. Hapo 0 haina makosa. Dawa yake ni xfs_repair, na kabla ya hapo unatakiwa kuipachika kwanza ili kijitabu chake kisomwe. Ukikimbilia -L, umekitupa kijitabu pamoja na yaliyokuwemo.

Na wewe wa Windows, usicheke. Ukizima laptopu ikiwa na ule mtindo wa kuwaka haraka, diski ya NTFS haijafungwa kikamilifu. Ukiipeleka kwa Linux, inaweza kukubali kusomwa tu, ama ikatae kupachikwa. Usitafute mbinu za kuilazimisha. Irudishe Windows, uzime kabisa, na kama ina kasoro uipime kwa chkdsk.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu nimeujenga mbele ya kina mama ishirini na wawili. Sasa laini imebadilishwa, na kila jioni nakala inaenda kwa diski ingine ambayo binamu huenda nayo nyumbani.

Mwaitu bado huja Jumamosi. Huketi pale pale, anisomee, mimi niingize. Lakini daftari jipya liko magotini, na akimaliza kila laini huandika kwanza kwa kalamu yake, ndipo aniambie, "Haya, endelea." Sijamwambia aache.