Kalamu juu ya kioo: Dawa ya slaidi zinazotupita darasani

UMEKETI nyuma kabisa ya ukumbi wa mihadhara. Mko zaidi ya mia mbili, wengine wamesimama mlangoni. Mhadhiri wa hesabu anabonyeza kitufe na slaidi inatokea ukutani: mistari kumi na miwili ya kalkulasi, yote imeshakokotolewa. Kabla hujamaliza kunakili mstari wa tatu, pap! Slaidi nyingine.

Unafanya nini? Unatoa simu, unapiga picha, unajiambia utaelewa ukifika hosteli. Usiku ukiifungua ile picha, jibu unaliona lakini lilikotoka hulioni. Wiki ya mtihani ikifika, simu imejaa picha na kichwa ni kitupu.

Makomredi wengi wamepitia hapo. Na si kwamba ni wavivu. Slaidi huonyesha kazi iliyokwisha kufanywa, ilhali mwanafunzi anahitaji kuona inavyofanywa.

Ndiyo maana kishikwambi chenye kalamu kinastahili nafasi chuoni. Mhadhiri anaandika juu ya kioo kama anavyoandika kwenye daftari, na projekta inayatupa maandishi yake ukutani. Anaanza mstari wa kwanza, anasita, anazungushia duara sehemu inayowachanganya watu, anasonga. Kasi ya mkono wake inakaribia kasi ya akili yako.

Utasema ubao wa chaki ulifanya hivyo tangu zamani. Kweli kabisa. Lakini kwenye ubao mwalimu anawapa mgongo, wa nyuma hawaoni, na akishafuta, imeenda. Kwenye kishikwambi anawatazama, maandishi yanakuzwa, na baada ya kipindi anahifadhi kila ukurasa na kuutuma kwenye kundi la darasa.

Jambo hili si geni. Kampuni ya Microsoft ilizindua Tablet PC, tarakilishi za kuandikwa kwa kalamu, mnamo Novemba 2002. Mwaka wa 2006, kitivo cha uhandisi cha chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, kilianza kuwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wawe nazo. Wahandisi huchora na kuandika fomula kutwa, na kibodi haiwasaidii sana kwa kazi hiyo.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Washington. Huko Richard Anderson na wenzake walitengeneza programu iitwayo Classroom Presenter. Mhadhiri alikuwa akitoa swali, kila mwanafunzi akilijibu kwa kalamu kwenye tarakilishi yake, kisha jibu likatumwa mbele. Mhadhiri aliweza kuchagua majibu machache na kuyaonyesha ukutani bila jina la mwenyewe.

Bila jina! Fikiria hilo kidogo. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, ila hawakuwahi kuinua mkono mbele ya watu mia mbili huku nusu yao wakisubiri kucheka. Kosa lako linapoonekana bila jina, darasa zima linajifunza na wewe hutoki na aibu. Naye mhadhiri anajua papo hapo ni mstari gani uliowapoteza watu, badala ya kugundua wakati wa kusahihisha mtihani.

Kuna pia Salman Khan. Mwaka wa 2004 alianza kumfunza hesabu binamu yake aliyekuwa mji mwingine, na mwaka wa 2006 akaanza kuweka video kwenye YouTube. Video hizo hazikuwa na mbwembwe: sauti yake na maandishi ya rangi yakichorwa juu ya ukurasa mweusi. Uso wake hukuuona, lakini ulifuata anavyofikiri hatua kwa hatua.

Hapa kwetu, vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yakahamia mitandaoni. Kuandika fomula kwa kutumia kipanya si mchezo. Herufi hutoka kama nyayo za kuku. Aliyekuwa na kalamu ya kidijitali alifundisha. Asiyekuwa nayo mara nyingi alisoma slaidi tu.

Sasa, pesa. Kishikwambi kizuri chenye kalamu yake hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na pesa za HELB zina kazi nyingine: chakula, kodi, bando. Kumwambia kila mwanafunzi anunue ni kuwafungia wengine mlango. Lakini si lazima tuanzie hapo. Kifaa kimoja mikononi mwa mhadhiri kinatosha kubadilisha darasa la watu mia mbili. Kuna hata vibao vya kuchorea visivyo na kioo, vya bei ya chini zaidi, vinavyounganishwa na kipakatalishi kwa waya.

Nawe usiye nacho, andika jibu kwenye karatasi, lipige picha, litume kwa kiongozi wa darasa alifikishe kwa mhadhiri bila jina. Kazi ni ile ile.

Ikiwa umejipanga kununua, usikimbilie kalamu ya ncha ya mpira inayouzwa mtaani. Hiyo inaiga kidole tu. Ulizia kalamu iliyoundwa kwa kifaa hicho, na ujaribu kuandika ukiwa umelaza kiganja kwenye kioo. Kikichora mistari usiyoitaka, rudisha.

Na tusidanganyane: mhadhiri asiyejiandaa hata umpe kalamu ya dhahabu atawachosha tu. Lakini yule anayetaka muelewe, mpe mahali pa kuandika mkiwa mnatazama. Halafu weka simu chini, shika kalamu yako, mfuate mstari kwa mstari.