Sheria Ivuke Mto

Wako wanaodhani kwamba mwanasheria akishapewa uwaziri amefika mwisho wa safari. Sisi twaona kwamba hapo ndipo safari yake inapoanza kupimwa. Kwa ajili hiyo twapenda kuwakumbusha wananchi wa Ifakara na bonde zima la Kilombero habari za Mzee Joseph Sinde Warioba.

Mzee Warioba, mzaliwa wa Bunda, alihitimu masomo ya sheria Dar es Salaam mwaka 1966. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha mwaka 1983 akawa Waziri wa Sheria, na tangu 1985 hadi 1990 alikuwa Waziri Mkuu. Cheo kilikwisha, lakini kazi haikwisha. Mwaka 1996 aliongoza Tume ya Rais iliyochunguza rushwa, ambayo haikuchanganya rushwa ya mtumishi mwenye mshahara mdogo na ile ya mkubwa mwenye tamaa. Mwaka 2012 akakabidhiwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, akaenda kuwasikiliza wananchi.

Hapo habari hii yafika mtoni kwetu. Sheria iliyoizaa Tume ile ilipitishwa na Bunge mwaka 2011, Waziri wa Katiba na Sheria akiwa marehemu Bibi Celina Kombani, Mbunge wa Ulanga Mashariki, ng'ambo ya mto Kilombero. Yeye hakupanda kwa ngazi ya uwakili. Basi mwanasheria na asiye mwanasheria walikutana katika kazi moja, nayo ni kumfikishia raia haki ya kusema.

Kazi hiyo haikukamilika. Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, lakini kura ya maoni iliyotazamiwa Aprili 2015 haikupigwa. Hili latufundisha kwamba elimu ya mtu mmoja, hata iwe kubwa namna gani, haitoshi ikiwa wananchi wenyewe hawaijui sheria.

Na hapa bondeni hasara ya kutoijua yaonekana wazi. Mkulima na mfugaji wamegombania ardhi mara nyingi, hali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake, ili kuwapatanisha wagomvi. Je, ni wangapi miongoni mwetu wanaolijua baraza hilo kabla ya kushika fimbo au panga? Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Kisingizio cha lugha ngeni kinazidi kupungua.

Vijana wa Ifakara wanaosoma sheria twawaombea vyeo vya juu. Lakini wasisubiri uwaziri ndipo watumikie. Likizo ijayo wakae na wazee wa vijiji vyao, wawasomee sheria ile kifungu kwa kifungu. Mto una daraja siku hizi. Nayo sheria ivuke.