KIUNO KINAPOUMA BAADA YA BODABODA

Kama unaendesha bodaboda hapa Nakivale, au unaipanda mara kwa mara kwenda Mbarara, huenda unayajua maumivu ya kiuno yanayoanza jioni ukishateremka. Wengi husema ni figo. Maumivu yakitoka kwenye figo, mara nyingi kuna homa, mkojo unachoma au una damu. Kama huna dalili hizo, fikiria kwanza barabara na kiti.

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili 5 kubwa za mfupa. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, kinaitwa diski. Nje ni ngumu kama mpira wa tairi, ndani ni laini kama uji mzito. Kazi yake ni kupokea uzito na kupunguza mshtuko. Ndani yake haina mishipa ya damu. Hupata maji na chakula kama sponji: ikikandamizwa hutoa maji, ikiachiwa hunywa. Ndiyo maana asubuhi, baada ya kulala, wewe ni mrefu kuliko jioni kwa kama sentimita 1.

Sasa fikiria mtu anayekaa juu ya pikipiki kutwa. Diski haipati nafasi ya kunywa. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtoto akiwa kwenye bembea, ukimsukuma kwa wakati wake hupanda juu sana, hata kwa nguvu kidogo. Kiwiliwili cha mtu aliyekaa nacho kina mwendo wake wa kutikisika, karibu mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Mitikisiko ya barabara mbaya ikija kwa mwendo huo, mgongo hutikisika kuliko hata kiti chenyewe. Misuli hukaza na kulegea bila kupumzika, mwisho huchoka, na diski hubaki na mzigo peke yake. Miaka ikipita, ganda la nje linaweza kupasuka, uji wa ndani ukatokeza na kubana mshipa wa fahamu. Hapo maumivu hushuka kwenye tako na paja mpaka unyayo.

Ufanye nini? Anza na pikipiki. Shokapu iliyokufa huupeleka mshtuko wote mgongoni, na tairi lililojazwa upepo kupita kiasi hufanya hivyo hivyo. Punguza mwendo kabla ya shimo, na kama huna abiria, nyanyuka kidogo miguu ikiwa imekanyaga vizuri ili magoti yapokee mshtuko. Kubeba abiria wawili na gunia la mkaa kunaongeza pesa ya siku, tunajua, lakini shokapu hukandamizwa hadi mwisho na haifanyi kazi tena. Kila baada ya saa moja hivi shuka, tembea dakika chache.

Ukifika nyumbani usikimbilie kuinama na kunyanyua jerikeni ya lita 20. Misuli bado imechoka, tembea kwanza. Hili linawahusu na kina mama abiria wanaoteremka na mizigo.

Kiuno kikiuma, usilale kitandani wiki nzima. Kutembea taratibu huponya haraka kuliko kulala. Na usinunue sindano za maumivu dukani kila jioni ili uendelee kuendesha. Dawa hizo zikizidi hudhuru tumbo na figo.

Maumivu yakizidi wiki 6, au yakija pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda kituo cha afya upimwe, kwa kuwa kifua kikuu nacho hushika uti wa mgongo. Lakini ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukikataa kutoka, ukifa ganzi sehemu za siri, au miguu yote miwili ikilegea, usingoje asubuhi. Nenda saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, na uombe gari, usipakiwe kwenye pikipiki.