Kurudi Medani

Ziko safari ambazo ofisi za utalii huziandika katika daftari moja na zile za kutazama wanyama na kuoga pwani, ilhali tabia yake ni nyingine kabisa. Mzee aliyepindukia miaka sabini, aliyekwenda nchi ya ng'ambo akiwa kijana wa miaka kumi na tisa na bunduki begani, hurudi huko huko pamoja na mkewe, au bintiye, au wajukuu wawili watatu, akifuatana na wenzake waliosalia na kiongozi aliyeisoma vita ile kwa utulivu, ili akanyage tena kilima au ukingo wa mto ambao kwa muda wa miaka hamsini ameuona usingizini tu. Wasiojua husema kwamba kufanya hivyo ni kuchokonoa donda lililokwisha kupona. Kwangu mimi neno hilo halina insafu, na makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi ziara hizo zinavyopangwa, na kwa nini faida yake haiji kwa kutazama mandhari, bali huja kwa kuikabilisha kumbukumbu ya mtu na ardhi yenyewe, mbele ya mashahidi.

Desturi hii si ngeni, ingawa baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliofunga safari walikuwa wafiwa zaidi kuliko wapiganaji. Mwaka 1928 jumuiya ya wapiganaji wa zamani wa Uingereza iliwachukua watu wapatao 11,000 kwenda Ufaransa na Ubelgiji, na tangu 1930 hata 1933 serikali ya Marekani iliwalipia gharama zote akina mama na wajane zaidi ya 6,000 wakayazuru makaburi ya wana wao na waume wao huko Ulaya. Katika tendo hilo la rehema palikuwa na doa ambalo haifai kulisitiri: akina mama weusi walitengwa na wenzao weupe, wakapakiwa katika meli mbali na kulazwa katika hoteli mbali, ingawa msiba wao ulikuwa mmoja na makaburi waliyoyaendea yalikuwa katika maziara yale yale. Wako waliokataa kwenda kwa masharti hayo, na kukataa kwao ni sehemu ya tarehe ya ziara hizi sawasawa na kwenda kwa wenzao.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote, kwa kuwa waliopigana wa pande zote mbili wangaliko, ni Vietnam. Vita vile vilikwisha Aprili 1975, na kwa muda wa zaidi ya miaka kumi Mmarekani aliyetaka kurudi hakuwa na njia ya wazi. Katika miaka ya mwisho ya 1980 yakaanza kwenda makundi machache, na tangu serikali za Marekani na Vietnam ziliposuluhishana mwaka 1995, njia imefunguka. Wengi hushukia Da Nang, wakapanda hata Hue, mji wa kifalme uliopiganiwa nyumba kwa nyumba karibu mwezi mzima mwaka 1968, kisha Dong Ha, na kutoka hapo huifuata barabara namba 9 kuelekea mpaka wa Laos hata wafike Khe Sanh, kambi iliyozingirwa siku 77 kuanzia Januari 21 mwaka ule ule. Leo pana jumba dogo la makumbusho, na uwanda wa udongo mwekundu uliokuwa njia ya ndege, na kandokando mashamba ya buni.

Kazi ya kiongozi huanza miezi mingi kabla ya majilio ya wageni wake. Mzee humwandikia kwamba alikuwa karibu na mto, upande wa milima, wakati wa mvua. Na maelezo hayo, ijapokuwa ni kweli tupu, yanaweza kuwa ya mahali mia. Basi humwuliza kikosi, kombania, tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka, jina la ofisa aliyewaamrisha, na barua alizowaandikia wazazi ikiwa hazijapotea. Kisha huziendea shajara za vikosi, zilizohifadhiwa katika nyaraka za taifa la Marekani, ambamo makarani wa jeshi waliandika saa kwa saa mahali kila kombania ilipokuwa, kwa namba za ramani za kijeshi zenye miraba ya kilomita moja. Na namba sita za ramani hizo humleta mtu karibu na mahali penyewe kwa kadiri ya mita mia. Baada ya hapo ataomba idhini ya wakuu wa wilaya, maana vilima vingi viko mbali na barabara au karibu na mpaka. Atatafuta mwenyeji ajuaye vijia vilivyo salama, kwa sababu jimbo la Quang Tri lingali na mabomu yaliyozama ardhini bila kulipuka, na wakulima na watoto wameuawa nayo miaka mingi baada ya amani. Na atakadiria nguvu za wazee wenye magoti mabovu na mioyo dhaifu katika joto lile. Kiongozi mwema huchagua kituo kimoja asubuhi na kimoja alasiri, basi. Anayewaonyesha vituo vitano kwa siku amewachosha bure, na kila kituo kimekifuta kile kilichotangulia.

Sasa tufike kwenye kiini. Askari wa kawaida haioni vita. Huziona hatua zake thelathini tu. Alikuwa ndani ya handaki, usiku, mvua ikinyesha, na ulimwengu wake wote ulikuwa handaki la kulia na handaki la kushoto. Katika moyo wake kilima kile ni kirefu, mto ni mpana, na umbali kutoka waya hata kichaka alikotokea adui ni mkubwa. Naye akisimama hapo mchana baada ya miaka hamsini, mibuni ikiwa imechanua, huona kwamba kilima kinapandwa na mtoto akienda shule, na kwamba wale waliokuwa wakimpiga walikuwa karibu kiasi cha kusikiana wakikohoa. Wapo waliojilaumu umri wao wote kwa kutomfikia sahibu aliyeanguka mbele yao. Wakipima kwa macho yao uwanda ule mtupu kati ya handaki na mahali alipoangukia, hufahamu kwamba hapakuwa na mwanadamu ambaye angaliuvuka akawa hai. Faraja ya namna hiyo haipatikani kwa maneno ya mkewe wala ya tabibu, maana wao hawakuwako, na yeye hujua kwamba hawakuwako.

Walakini ardhi haina upendeleo. Yumkini mtu akaona kwamba uwanda ule ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani, na kwamba palikuwa na korongo la kupitia. Hapo kiongozi hujaribiwa vikali kusema uongo mdogo wa huruma, naye asiuseme. Amkumbushe tu kwamba korongo lionekanalo mchana huu halikuonekana usiku ule, jambo ambalo ni kweli, kisha anyamaze. Na ikiwa masahibu wawili watabishana, huyu akisema bunduki kubwa ilikuwa kaskazini ya mti na yule kusini, awaache waseme wote mpaka waishe ndipo aifungue shajara. Na hata shajara asiifanye kuwa ndiyo hukumu ya mwisho, kwani nayo iliandikwa na karani mchovu kwa kusikia redioni. Mara nyingi wazee ndio wamesahihisha kitabu, na mwanachuoni asiyekubali kusahihishwa na aliyekuwako hafai kwa kazi hii.

Niliwataja mashahidi, na wa kwanza wao ni aila. Binti aliyezaliwa baada ya vita amekua akijua kwamba baba hakai akaupa mlango mgongo, kwamba fataki za sikukuu humtoa nyumbani, na kwamba kuna mwezi mmoja katika mwaka ambao haifai kumwuliza neno. Sababu haikutajwa kamwe. Mbele ya kilima kile baba huyo anaweza kunena kwa nusu saa yale aliyoyafungia miaka hamsini, na ajabu ni kwamba aghalabu humwelekezea kiongozi maneno, au mwenzake wa vita, huku binti amesimama pembeni akisikia. Maana ni vyepesi kumwambia mgeni mbele ya mwanao kuliko kumwambia mwanao. Kiongozi anayefahamu hilo hataingiza maelezo yake ya majeshi na silaha katikati ya maneno hayo. Wako pia wana ambao hawana baba wa kurudi naye. Mwaka 2003 kundi la watoto wa askari wa Kimarekani waliouawa huko lilisafiri pamoja kwenda Vietnam, nao wakiwa watu wazima wenye mvi, wamekwisha kuupita umri ambao baba zao waliishia.

Shahidi wa pili ni aliyekuwa hasimu, na bila yeye ziara huwa nusu. Novemba 14, 1965, Luteni Kanali Harold Moore aliteremka kwa helikopta na kikosi cha watu wapatao 450 katika kiwara kidogo chini ya mlima Chu Pong, bonde la Ia Drang, akapambana na majeshi ya Vietnam Kaskazini yaliyoamrishwa na Nguyen Huu An. Mapigano hayo na yale yaliyofuata karibu na hapo yaliwaua Wamarekani zaidi ya 230 katika siku nne, na Wavietnam wengi kupita hao. Mwaka 1993 Moore, jenerali mstaafu, alirudi pamoja na baadhi ya wenzake na mwandishi Joseph Galloway, ambaye naye alikuwako katika mapigano yale, na An akafuatana nao, wote wazee, wakitembea katika nyasi zile zile. Moore alivua saa yake ya mkono akampa An, naye An akampa kofia yake. Mimi sioni katika hayo mapenzi ya ghafla wala usahaulifu. Naona watu wawili ambao, kwa sababu kila mmoja alitaka kumwua mwenzake na alijua vema alivyotaka, hawakuwa na haja ya kudanganyana, na kwa hiyo waliweza kuulizana mambo ambayo vitabu havikuweza kuwajibu.

Tena mkutano wa namna hiyo una matunda zaidi ya heshima. Katika ukuta wa ukumbusho huko Washington yameandikwa majina zaidi ya 58,000. Maiti za Kivietnam ni nyingi mara nyingi kupita idadi hiyo, na ijapokuwa maziara ya Truong Son peke yake yana makaburi zaidi ya 10,000, mamia ya maelfu ya jamaa hawajui hata leo mtoto wao alizikwa wapi, nao ni watu ambao dini na desturi zao zinadai kaburi la kuhudumiwa. Tangu 1994 jumuiya mojawapo ya wapiganaji wa Marekani imekuwa ikikusanya kwa wanachama wake ramani, picha na vitambulisho walivyovichukua kwa maiti za adui, pamoja na habari za mashimo walimozika wengi kwa pamoja, na kuvipeleka Vietnam. Mzee aliyeweka sandukuni picha ya kijana aliyemwua, naye akairudisha kwa dada wa kijana huyo, amelipa sehemu ya deni ambalo mahakama yoyote haikumtoza, na kwa nadhari yangu hiyo ndiyo faida kuu ya ziara hizi zote.

Linalochukiza ni kuzifanya kuwa mchezo. Huko Cu Chi, kwenye mahandaki mashuhuri, pana uwanja ambapo mtalii hulipa akafyatua bunduki halisi, na milio yake husikika msituni mote; kumpeleka mahali kama hapo mtu aliyekuja kutafuta utulivu, bila hata kumwonya, ni ukosefu wa adabu, na kiongozi anayefanya hivyo kwa kuwa kituo kile kimo katika ratiba ya kila siku angekwenda akafanye kazi nyingine.

Nasi huku tuna hesabu yetu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, waliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, masika yakiwanyea na homa ikiwapukutisha, hata wakauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Lugha ya amri na ya soga kwa wengi wao ilikuwa Kiswahili. Katika maziara ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, nguzo za ukumbusho zina majina karibu 27,000 ya waliokosa kaburi lijulikanalo. Wapiganaji wa Kiingereza wa Burma walipata kurudi huko kwa ziara zilizoandaliwa; askari wetu walirudi makwao vijijini, na bahari ikabaki kati yao na medani yao, kwa kuwa hakuna aliyewalipia nauli. Ajabu zaidi ni kwamba Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, amiri wa Wadachi huku Afrika Mashariki katika vita vya 1914, alifika Dar es Salaam mwaka 1953 akalakiwa na waliokuwa askari wake: amiri ndiye aliyesafiri, na wao wakangoja pale pale.

Waliopigana Burma na wangali hai wamekaribia au kupita miaka mia, na safari ya ndege si ya kuwatwika tena. Wajukuu wao, lakini, wanaweza. Anayetaka kuanza karibu aende Taveta, akapande kilima cha Salaita, kilichoshambuliwa Februari 12, 1916, kisha Latema na Reata, vilivyopiganiwa mwezi uliofuata. Viongozi wenyeji wanavijua, na mtu huviona vyote kwa siku mbili. Atayaona pia maziara ya askari, na haitampasa kudhani kwamba majina yaliyoandikwa humo ndiyo waliokufa wote, kwani mwaka 2021 tume inayotunza maziara hayo ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wapagazi na askari wa Afrika Mashariki kwa makumi ya maelfu hawakuandikwa popote kwa majina yao. Na anayemtafuta babu wa Burma, asikimbilie kununua tiketi. Atafute kwanza kijitabu chake cha kuachishwa jeshi, apate namba yake, batalioni yake, na mwezi aliopanda meli. Kisha amwulize bibi, ikiwa yuko, ni mto gani aliokuwa akiutaja. Kwa mambo hayo manne kiongozi anayeijua kazi yake anaweza kumfikisha bonde la Kabaw, penye njia waliyopita wale watu, nchi ile ikiwa katika amani ya kupitika.