Rejeta kongwe za chuma Ulaya: Vumbi lifutwe, rangi isikwanguliwe ovyo

Majira ya baridi yanapokaribia barani Ulaya, wakaazi wa nyumba za zamani huanza kukagua rejeta zinazopasha joto vyumba vyao. Kuzisafisha hupunguza upotevu wa nishati, lakini kazi hiyo ikifanywa pasipo maarifa inaweza kusambaza sumu ndani ya nyumba.

Kwa wengi Afrika Mashariki, rejeta ni kifaa cha gari: hupokea maji yaliyochemshwa na injini na kuutupa ule moto nje. Rejeta ya nyumbani hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, ila joto lenyewe ndilo linalotafutwa. Maji hupashwa moto katika boila, mara nyingi kwenye chumba cha chini ya jengo, kisha pampu huyasukuma kupitia mabomba hadi kila chumba. Yakishaacha joto lake, hurudi kwenye boila na safari huanza upya.

Kifaa hiki kilizaliwa katika nchi za baridi kali. Franz San Galli, mfanyabiashara mzaliwa wa Prussia aliyeishi St. Petersburg nchini Urusi, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mvumbuzi wake, katika miaka ya 1850. Mwishoni mwa karne hiyo, viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vikitengeneza rejeta nyingi kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Baadhi zilinakshiwa maua na majani, na hadi leo zipo katika majengo ya Berlin, Paris na London. Rejeta kubwa ya aina hiyo inaweza kuzidi uzito wa kilo 100. Huchelewa kupata moto, lakini pia huchelewa kupoa.

Vumbi huziba njia ya hewa

Jina lake hudokeza kwamba joto hutoka kwa mnururisho, kama lile la jua au la kaa la moto. Hiyo ni sehemu tu ya ukweli. Joto jingi hubebwa na hewa: hewa baridi huingia kwa chini, hupita kati ya nguzo za chuma, hupata moto na kupanda juu, na nyingine huja kushika nafasi yake. Mzunguko huo usio na kelele ndio unaopasha chumba kizima.

Vumbi, nywele na utando wa buibui vinapojaa kati ya nguzo, mzunguko huo hudhoofika. Maji huendelea kuwa moto na nishati huendelea kutumika, ilhali chumba kinabaki na ubaridi. Mkaazi naye hufungua vali zaidi, na bili huongezeka. Nchini Ujerumani, takriban theluthi mbili ya nishati inayotumika majumbani huenda katika kupasha vyumba joto. Tangu bei za gesi zilipopanda kufuatia uvamizi wa Urusi nchini Ukraine mwezi Februari mwaka 2022, jambo hili limekuwa na uzito mkubwa katika bajeti za familia, zikiwemo za wahamiaji na wanafunzi kutoka Afrika Mashariki wanaopanga katika majengo hayo.

Kuondoa vumbi ni kazi ambayo mkaazi anaweza kuifanya mwenyewe, mradi rangi ya rejeta iwe nzima. Kwanza vali hufungwa na chuma huachwa kipoe kabisa. Kitambaa kilicholoweshwa hutandikwa sakafuni na kingine huning'inizwa nyuma ya rejeta, ili vumbi linase humo badala ya kuruka. Kisha brashi ndefu na nyembamba hupitishwa kati ya nguzo kutoka juu kwenda chini, huku mashine ya kufyonza vumbi ikifuata. Mwisho, chuma hufutwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na kukaushwa papo hapo, kwani maji yakibaki kwenye mikwaruzo huanzisha kutu.

Hatari iliyofichika katika rangi

Pale rangi inapokuwa imepasuka au kubanduka, hali hubadilika. Rejeta nyingi za kabla ya katikati ya karne iliyopita zilipakwa rangi zenye madini ya risasi. Mafundi waliipenda risasi kwa sababu ilihimili joto na kuzuia kutu, na tabaka la kwanza juu ya chuma mara nyingi lilikuwa la risasi nyekundu. Kwa hiyo, rangi ya machungwa inayochungulia chini ya nyeupe inaweza kuwa dalili ya sumu hiyo, ingawa ni kipimo pekee kinachoweza kuthibitisha.

Madhara yake yalijulikana mapema. Mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kudhibiti rangi nyeupe ya risasi katika kazi za upakaji rangi majengo. Hata hivyo, Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978 tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi: hutambaa sakafuni, hutia mikono mdomoni, na miili yao hufyonza risasi kwa wingi kuliko ya watu wazima. Sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua, na madhara yake huweza kudumu maisha yote.

Hapa ndipo nia njema huleta maafa. Mzazi anayekwangua rejeta kwa msasa mkavu au brashi ya waya, akitaka chumba cha mtoto kipendeze, hugeuza rangi iliyokuwa imetulia kuwa vumbi laini linaloenea sakafuni na kwenye matandiko. Kuibabua kwa moto nako hutoa mvuke wenye sumu. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi haisaidii, kwani chembe hizo hupenya kichujio chake na kurudi hewani.

Njia iliyo salama ni kupima rangi kwanza. Risasi ikipatikana, rejeta hufunguliwa na kupelekwa katika karakana maalumu, ambako rangi huondolewa ndani ya chumba kilichofungwa na mafundi wenye vifaa vya kujikinga. Iwapo rangi bado imeshika imara, mara nyingi ni afadhali kuiacha na kuifunika kwa rangi mpya bila kuikwangua. Rangi hiyo isiwe ya kung'aa kama fedha au shaba, kwa kuwa unga wa metali uliomo hupunguza mnururisho wa joto. Ikiwa nyeupe, nyeusi au kijani ya kawaida, tofauti ni ndogo mno.

Tope lililomo ndani

Uchafu mwingine hauonekani kwa macho, lakini mkono huweza kuugundua. Rejeta ikiwa moto chini na baridi juu, imeshika hewa. Hewa hiyo hutolewa kwa kufungua taratibu vali ndogo ya juu, chombo kikiwa kimekingwa, hadi maji yatoke bila kutema mapovu. Ikiwa moto juu na baridi chini, aghalabu kuna tope.

Tope hilo ni jeusi na limejaa magnetiti, aina ya oksidi ya chuma inayotokana na chuma kuliwa polepole na maji. Maji meusi peke yake si ajabu katika mfumo wa zamani. Ishara mbaya zaidi ni maji mekundu ya kutu, kwani yanaashiria kwamba oksijeni inaendelea kuingia. Ndiyo maana kuongeza maji mapya kila mara si tiba: kila maji mapya huingia na oksijeni, na oksijeni huzaa kutu nyingine. Panapovuja ndipo pa kutengenezwa.

Kuondoa tope ni kazi ya fundi bomba, na katika nyumba ya kupanga mwenye nyumba lazima ahusishwe. Fundi huikata rejeta kutoka kwenye mfumo na kuisuuza hadi maji yatoke safi. Baadaye anaweza kufunga kichujio chenye sumaku kwenye bomba la kurudishia maji, ambacho hunasa magnetiti kabla haijatuama upya. Asidi kali na shinikizo kubwa la maji vinahitaji tahadhari, kwa kuwa viungio vilivyochakaa vinaweza kuanza kuvuja.

Kabla ya baridi kuingia, basi, mkaazi wa nyumba ya zamani ana mambo mawili anayoweza kuyafanya mwenyewe bila gharama kubwa: kufuta vumbi na kutoa hewa. Lakini akiona rangi inabanduka, na aweke brashi chini, awaondoe watoto chumbani na kumwita mtu wa kupima.