Ferrari 488 au Lamborghini Huracán? Farasi na fahali kwenye gereji ya mwanasoka

DABI ya Italia wanayoijua mashabiki wengi ni ya Inter na Juventus. Ipo nyingine isiyochezwa uwanjani, nayo ni ya Maranello na Sant'Agata Bolognese, miji midogo miwili ya kaskazini mwa nchi hiyo ambayo ni jirani kabisa. Mmoja unatengeneza Ferrari, mwingine Lamborghini. Mashabiki wake huonekana kila asubuhi kwenye maegesho ya viwanja vya mazoezi vya klabu kubwa za Ulaya.

Uhasama wenyewe una historia. Ferruccio Lamborghini alikuwa tajiri wa matrekta aliyekuwa akiendesha Ferrari. Simulizi maarufu inasema alimfuata Enzo Ferrari kulalamikia klachi, akajibiwa kwamba yeye ashughulike na matrekta yake. Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake. Farasi wa Ferrari akapata mpinzani, fahali wa Lamborghini, na hadi leo hawakai zizi moja.

Katika kizazi hiki, mechi kali imekuwa kati ya Lamborghini Huracán, iliyoingia sokoni 2014, na Ferrari 488 GTB, iliyofuata 2015. Wauzaji hupenda kuzilinganisha kwa kasi. Mwanasoka anayezimiliki, anayeamka nayo Jumatatu kwenda mazoezini na kuiuza mkataba ukiisha, ana maswali mengine kabisa.

KASI NI SARE

Kwenye makaratasi, 488 ina nguvu za farasi 670, inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.0 na mwisho wake ni kilomita 330. Huracán ya kwanza, LP 610-4, ina nguvu za farasi 610, inatumia sekunde 3.2 na inapita kilomita 325.

Tofauti hiyo ni ya kutambiana kijiweni tu. Barabara kuu za Uingereza mwisho ni maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 112, na ndinga zote mbili zinafika hapo kabla dereva hajamaliza kupiga miayo.

INJINI, HAPA NDIPO ZINAPOACHANA

Huracán ina injini ya silinda 10, lita 5.2, isiyo na turbo. Nguvu yake inakuja kadiri injini inavyopanda, na kilele chake kipo kwenye mizunguko 8,250 kwa dakika. Ni kama winga anayehitaji nafasi ya kukimbia. Akiipata, uwanja mzima unasimama. Sauti yake pekee imewauzia watu wengi gari hilo.

488 ina silinda 8, lita 3.9, na turbo mbili. Yenyewe msukumo wake mkubwa unapatikana mapema, kwenye mizunguko 3,000 tu. Huyo ni straika wa ndani ya boksi, haitaji nafasi kubwa. Kwenye foleni ya kuingia mjini, gusa kidogo kanyagio la mafuta na gari limeshachomoka.

MVUA YA MANCHESTER

Ferrari inasukumwa na matairi ya nyuma pekee. Ina kompyuta nzuri ya kuzuia utelezi, na kwenye usukani kuna kitufe cha kuchagua hali ya barabara, ikiwemo ya mvua. Lakini bado inataka dereva mwenye adabu. Huracán LP 610-4 inasukumwa na matairi yote manne, hivyo inashika barabara vizuri zaidi siku ya maji. Anayenunua iliyotumika aangalie jina kwa makini, maana LP 580-2, iliyokuja baadaye, nayo inasukumwa na ya nyuma tu.

Wanasoka wanalijua somo hili. Januari 2009, Cristiano Ronaldo aliigonga Ferrari 599 kwenye ukuta wa njia ya chini karibu na Uwanja wa Ndege wa Manchester akielekea mazoezini, akatoka salama. Juni 2015, katikati ya Copa América, Arturo Vidal aliiharibu Ferrari yake nje kidogo ya Santiago akiwa amelewa. Naye alipona na Chile ikabeba kombe, lakini polisi walimkamata na leseni ikasimamishwa.

BEGI, NJUMU NA MATUTA

Ndinga zote mbili injini ipo nyuma ya viti, buti lipo mbele. Ferrari inampa mmiliki nafasi ya lita 230, begi la mazoezi na njumu vinaingia bila kusukumana. Ya Huracán ni ndogo zaidi. Kuona nyuma kupitia kioo chake pia ni shida, na kipa mrefu ataona paa lipo karibu mno na kichwa. Zote zipo chini, ndiyo maana wamiliki wengi hulipia kifaa cha kuinua pua ya gari mbele ya tuta.

NANI ANALIPIA SEVISI?

Hapa Ferrari inafunga bao la wazi. 488 iliuzwa na mpango wa sevisi wa miaka saba, kila kilomita 20,000 au mara moja kwa mwaka, bila kulipia vipuri, mafuta ya injini wala fundi. Gari likiuzwa, mpango unahamia kwa mmiliki mpya. Kwa mchezaji wa mkataba wa miaka miwili au mitatu, hiyo ni hela halisi, maana anauza gari ambalo kitabu chake cha sevisi kimejaa.

Ila miaka saba ina mwisho. 488 ya 2016 mpango wake uliisha 2023, na kuanzia hapo kila bili ni ya mwenye gari. Hapo fahali anasawazisha. Injini ya Huracán ni ndugu wa ile ya Audi R8, ina sifa ya uimara, na mafundi wanaoielewa ni wengi zaidi. Isitoshe, mrithi wake, Temerario ya 2024, amekuja na silinda 8, turbo na umeme. Anayetaka V10 isiyo na turbo kutoka Sant'Agata atarudi kuitafuta Huracán.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Mwenye mkataba mfupi anayetaka gari la kutumia kila siku, 488 ambayo mpango wake wa sevisi ulikuwa hai ilimlipa zaidi. Anayenunua iliyotumika leo na kutaka kukaa nayo, Huracán ya matairi manne ndiyo salama kwa mfuko.

BAO LISILOFUTIKA

Julai 3, 2025, Diogo Jota wa Liverpool na mdogo wake André Silva walifariki dunia katika ajali ya Lamborghini kwenye barabara ya A-52, mkoa wa Zamora, Hispania. Jota alikuwa na miaka 28 na alikuwa amefunga ndoa siku 11 tu kabla. Taarifa za awali za polisi zilisema tairi lilipasuka gari likiwa linalipita jingine.

Tairi ndilo jambo ambalo wauzaji hawalizungumzii, na mpango wa sevisi wa Ferrari hauligusi. Ndinga hizi nyingi hulala gereji wiki nzima, mwenyewe yupo kambini au safarini. Kashata za tairi zinabaki kama mpya huku mpira wenyewe unazeeka. Mtu akitazama kwa macho anaona tairi zima.

Umri wake umeandikwa ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kwa tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ipo kwenye Ferrari, ipo kwenye Lamborghini, na ipo kwenye IST inayopeleka mashabiki Kwa Mkapa Jumamosi. Kuisoma ni bure.