Mwendo wa Mama Mjamzito: Utangulizi

Karibu katika taaluma inayoanza na swali ambalo wanawake wengi wa Machakos hawana nafasi ya kujiuliza: je, mjamzito atembee? Katika vilima vya Iveti na Mua mashamba yamekatwa matuta kwenye miteremko, na maji mara nyingi yako bondeni. Mama hutembea kwa kuwa kazi haimsubiri ajifungue. Nakuomba basi uingie na swali jingine: ni mwendo upi unaomjenga, na upi unaommaliza?

Vitabu vya kwanza vya fani hii havikuliwaza swali hilo. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliagiza moyo wa mjamzito usipige zaidi ya mara 140 kwa dakika, na mazoezi mazito yasizidi dakika 15. Hofu ilikuwa nyingi, vipimo vichache. Kikomo hicho cha mapigo kiliondolewa mwaka 1994, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mjamzito asiye na kizuizi cha kiafya. Mazoezi ya aina hiyo hupunguza hatari ya kisukari cha mimba, wala hayaongezi hatari ya mimba kutoka.

Mwili wenyewe hufanya maandalizi makubwa. Damu huongezeka kwa karibu nusu. Homoni ya projesteroni huuchochea ubongo uvute hewa zaidi, na ndiyo maana mama huhema akipanda kilima hata kabla tumbo halijaonekana. Kipimo chepesi ni mazungumzo: akiweza kuongea na mwenzake njiani, kasi inamfaa.

Ila mzigo ni jambo jingine, na hapa Kenya ina mchango wake. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo na Kikuyu: waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Ni utafiti ninaoupenda sana, lakini husomwa vibaya, kana kwamba mwanamke wa Kiafrika hachoki. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji; kwa mwanamke wa kilo 60 hiyo ni theluthi ya uzito wake, juu kabisa ya kiwango kile. Tena utafiti ule haukuhusu mimba.

Kwa hiyo muuguzi wa kliniki ana wagonjwa wawili wenye tumbo moja na mahitaji tofauti. Mwenye duka mjini, anayekaa tangu asubuhi na kurudi nyumbani kwa bodaboda, ahimizwe kutembea nusu saa jioni. Wa kijijini aulizwe kwanza maji yako umbali gani, na nani mwingine nyumbani anaweza kuyateka. Kumwambia huyu "ongeza mazoezi" ni kumkosea. Anachohitaji ni mume au shemeji aushike ule mtungi, naye apate kupumzika.

Wote wawili waambiwe jambo moja bila kuzungushwa: damu ikitoka, maji yakivuja, kifua kikiuma, kizunguzungu kikija au uchungu ukianza kabla ya wakati, mama asimame hapo hapo, na atafutiwe usafiri wa kumfikisha hospitalini.